Zege Lililokula Hewa

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi wetu, na nyinyi wanafunzi mliochagua kukaa karibu na mlango,

Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Nilipoombwa nizungumze juu ya utunzaji wa dunia niliingiwa na hofu kidogo, kwa kuwa mada hiyo imezungumzwa mara nyingi mno kwa maneno yale yale, hata msikilizaji huwa amekwisha kuitikia kabla msemaji hajamaliza sentensi. Kwa hiyo leo nimekuja na chupa. Hii mnayoiona mezani ni chupa ya kioo ya kawaida, yenye kokoto chini, mkaa kidogo juu yake, udongo, na kangaga mmoja tuliyemtoa kandokando ya kijito. Tulimwagia maji mara moja, tukaiziba kwa kizibo, tukapaka nta, na tangu siku hiyo ni miezi 14 haijafunguliwa. Maji ni yale yale: asubuhi yanapanda kuwa mvuke, jioni yanashuka kwa matone ubavuni mwa kioo na kurudi mizizini. Hewa nayo ni ile ile.

Chupa zilikuwa mbili. Ile ya pili wanafunzi waliipendelea, wakaitilia samadi nyingi ili mmea wake unenepe, na haikupita miezi miwili mmea ukaoza. Nitairudia habari ya samadi hiyo baadaye, maana kosa la wanafunzi wangu limewahi kufanywa na watu wenye digrii nyingi na fedha nyingi zaidi yetu.

Fikra ya kufungia uhai ndani ya kioo si ngeni. Mwaka 1771, Joseph Priestley, mchungaji Mwingereza aliyependa majaribio, aliwasha mshumaa ndani ya chombo kilichofunikwa mpaka ukazimika wenyewe, kisha akaingiza humo tawi la mnaanaa na kuliacha. Baada ya siku kadhaa mshumaa uliweza kuwaka tena katika hewa ile ile iliyokuwa imechakaa. Miaka minane baadaye Jan Ingenhousz alionyesha kwamba mmea hufanya kazi hiyo kwa sehemu zake za kijani, na panapokuwa na mwanga tu. Karne mbili zikapita, na Warusi wa Krasnoyarsk, huko Siberia, wakajenga chumba cha chuma kilichoitwa BIOS-3, ambamo watu watatu walikaa siku 180 wakitegemea ngano na miani kwa sehemu kubwa ya hewa yao. Warusi walichagua viumbe wachache na kuwasimamia kwa ukali. Wamarekani ninaotaka kuwazungumzia walifuata njia iliyo kinyume kabisa: waliingiza karibu kila kitu.

Jengo lao liko karibu na mji mdogo wa Oracle, katika jimbo la Arizona, na linaitwa Biosphere 2. Waliolibuni walilipa namba ya pili kwa sababu ya kwanza, kwa hesabu yao, ni dunia hii tunayoikanyaga. Lilijengwa kuanzia mwaka 1987 hadi 1991 kwa fedha za tajiri wa Texas, Edward Bass, na kwa uongozi wa John Allen. Eneo lililofunikwa kwa vioo ni kama hekta 1.3, yaani halitimizi viwanja viwili vya mpira, lakini ndani yake paliwekwa msitu wa mvua, mbuga ya nyasi, jangwa, kinamasi chenye mikoko, bahari ndogo yenye matumbawe, shamba, na nyumba ya watu. Hata chini kwenye msingi udongo wake ulitengwa na ardhi ya Arizona kwa mabamba ya chuma kisichoshika kutu. Na kwa kuwa hewa iliyofungwa hutanuka kwa joto la mchana na kusinyaa usiku, kiasi cha kuweza kupasua vioo, palijengwa vyumba viwili vikubwa vyenye utando wa mpira unaopanda na kushuka. Waliviita mapafu, na sidhani kama palikuwa na jina lililofaa zaidi.

Tarehe 26 Septemba 1991 watu wanane, wanawake wanne na wanaume wanne, waliingia humo na kufungiwa kwa miaka miwili. Sehemu kubwa ya chakula chao waliilima wenyewe, na orodha ya mazao yao ingeweza kuandikwa na bibi yeyote wa hapa kwetu: viazi vitamu, ndizi, mapapai, karanga, mtama, mpunga, fiwi. Viazi vitamu walivila kwa wingi hata ngozi za baadhi yao zikaanza kugeuka rangi ya chungwa. Walikuwa na mbuzi wadogo wa asili ya Afrika, na ndani ya msitu wao walifuga komba, wale wale wanaotuibia tembo katika vibuyu vya wagema. Njaa ilikuwapo. Kwa wastani walipoteza asilimia 16 ya uzito wao, na kikombe cha kahawa kilikuwa sherehe ya kila baada ya wiki kadhaa, kwa kuwa mibuni yao ilikuwa michache na haikukubali kuharakishwa.

Naomba mtazame jambo moja katika maisha yao ya kila siku. Shambani mwao wadudu waliwasumbua sana, lakini hawakuthubutu kupulizia dawa ya sumu, kwa sababu dawa ile ingeingia katika udongo, kutoka udongoni ingeingia majini, na maji yale yangewarudia katika vikombe vyao kabla ya muda mrefu kupita. Maji ya choo yalipitishwa katika mabwawa yenye mimea, kisha yakaenda kumwagilia shamba, na shamba likawalisha. Sisi tunalo neno “kutupa”. Wao, kwa miaka miwili, neno hilo halikuwa na maana, kwa kuwa hapakuwa na nje ya kutupia. Hewa yao ilikuwa kidogo mno ukilinganisha na wingi wa mimea na udongo, hata chembe ya hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi, ilitoka, ikanyonywa na mmea na kurudi angani katika muda wa siku chache tu, safari ambayo katika dunia kubwa huchukua miaka. Kwa hiyo walichokifanya Jumatatu kiliwajibu wiki ile ile. Dunia hii yetu ni kubwa, na ukubwa wake ndio unaotuchelewesha kujibiwa. Mtoto aliyezaliwa leo ndiye atakayepokea jibu la moshi wa babu yake.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Baada ya muda mfupi wapimaji waliona kwamba oksijeni ndani ya jengo inapungua, polepole lakini bila kusimama. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Katika muda wa miezi 16 hivi, yao ilishuka hadi kati ya 14 na 15, sawa na kuhamishiwa mlimani mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Waliopanda Kilimanjaro na kulala Horombo wafikirie mahali pa juu zaidi ya hapo, kisha wafikirie kulima huko kwa jembe. Walipanda ngazi kwa kupumzika. Usiku walishtuka usingizini wakitafuta pumzi. Mnamo Januari 1993 ikabidi oksijeni iletwe kutoka nje na kuingizwa ndani.

Nusu ya sababu ilikuwa rahisi kuigundua, na ndiyo ile samadi ya wanafunzi wangu. Wajenzi walitia udongo wenye rutuba nyingi sana ili mimea michanga ikue haraka. Lakini rutuba ni chakula cha bakteria, na bakteria nao wanapumua: wanachukua oksijeni na kutoa hewa ukaa. Mimea ilikuwa bado midogo, vioo na vyuma vya paa vilikuwa vinazuia karibu nusu ya mwanga, na miaka ile mawingu yalikuwa mengi kuliko kawaida kwa sababu ya El Niño. Waliokuwa wakila hewa wakawashinda waliokuwa wakiitengeneza.

Nusu ya pili ndiyo iliyowatia wataalamu katika fumbo. Oksijeni haipotei hivi hivi. Ikitumiwa na bakteria, mahali pake panapaswa kuonekana hewa ukaa ya kiasi kilekile. Hewa ukaa ilikuwa imepanda, ni kweli. Wakati wa baridi ilifika maelfu ya sehemu katika kila sehemu milioni, nao wakaazi wakahangaika nayo: walikata nyasi na kuzikausha ili zisioze, wakaacha kumwagilia mbuga na jangwa ili bakteria walale. Lakini hewa ukaa iliyopimwa haikukaribia hata kidogo kiasi cha oksijeni iliyopotea. Daftari lilikuwa na pengo. Kuna kitu ndani ya jengo kilikuwa kinaipokea hewa ukaa na kunyamaza.

Wanasayansi Jeffrey Severinghaus, Wallace Broecker na wenzao walilitatua fumbo hilo, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1994. Kilichokuwa kinanyamaza ni zege. Ndani ya jengo palikuwa na kuta na nguzo nyingi za zege jipya lisilopakwa rangi, na zege lina chokaa ambayo haijashiba. Chokaa hiyo ilivuta hewa ukaa na kuigeuza kuwa mawe ndani ya ukuta. Walipochimba vipande vya zege na kuvipima, waliikuta kaboni iliyopotea, na alama za atomu zake zilionyesha kwamba imetoka katika hewa ile ile ya ndani.

Mzee yeyote wa pwani aliyewahi kusimama kando ya tanuu la chokaa angewaelewa bila maabara. Mababu zetu wa Lamu, Unguja na Kilwa walichoma mawe ya matumbawe kwa kuni mpaka yakawa chokaa nyeupe, na moto ule ulikuwa unafukuza hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe. Kisha fundi akaichanganya chokaa na mchanga na maji, akajenga, na kwa miaka mingi ukuta uliendelea kuwa mgumu kwa sababu ulikuwa unairudisha kidogo kidogo hewa iliyofukuzwa na tanuu. Saruji ya leo, pamoja na ile inayotoka katika mawe ya matumbawe ya kale ya Wazo na Bamburi, ni jamaa ya chokaa hiyo. Nyumba zetu za mawe, kwa maana hiyo, zimekuwa zikivuta pumzi miaka yote, ila watu waliokaa ndani yake walikuwa na madirisha.

Lile zege la Arizona liliwatendea wakaazi mambo mawili kwa wakati mmoja. Liliwaokoa, kwa maana hewa ukaa yote ile ingebaki angani ingefika kiwango ambacho mwanadamu hawezi kukivumilia. Na liliwapoteza, kwa maana mwenye kutazama kipimo cha hewa ukaa peke yake angesema hali si mbaya sana, kumbe chini kwa chini bakteria walikuwa wanakula kwa kasi kubwa mno. Kila kitu kinachotubebea mzigo kina tabia hiyo. Kinatupunguzia uzito, na papo hapo kinatuficha hesabu.

Mfano mwingine wa kuficha hesabu ulikuwa ndani ya miili yao. Mmoja wa wale wanane, Roy Walford, alikuwa daktari, naye aliwapima wenzake damu mara kwa mara. Walipokuwa wanakonda, mabaki ya DDT, dawa ya kuulia wadudu, na kemikali za jamii hiyo yaliongezeka katika damu zao. Ndani ya jengo hapakuwa na anayepulizia DDT. Sumu ile waliingia nayo wenyewe, imehifadhiwa katika mafuta ya miili yao kwa miaka waliyoishi nje, na mafuta yalipoanza kutumika, ghala likafunguka. Kila nikiifikiria habari hii huwa naona ndiyo iliyonishtua zaidi katika kisa chote, kuliko hata ya oksijeni, ingawa watu wachache huisimulia.

Basi nasi tujiulize: ukuta wetu wa zege ni upi? Kabla ya viwanda vikubwa hewa ya dunia ilikuwa na hewa ukaa kiasi cha sehemu 280 katika kila sehemu milioni. Sasa imepita 420. Hizo ni nyingi, lakini tungelipwa sawasawa na tulivyochoma zingekuwa nyingi zaidi, kwa sababu karibu robo ya hewa ukaa tunayoitoa inamezwa na bahari, na sehemu nyingine kubwa inachukuliwa na misitu na udongo. Bahari inanyamaza kama lile zege lilivyonyamaza. Inapoimeza hewa ukaa, maji yake yanasogea upande wa asidi, na wenye kuulipa msogeo huo ni viumbe wajengao nyumba zao kwa chokaa: matumbawe, kome, chaza, kauri.

Hapo jengo la Arizona lilitufaa mara ya pili, na mara hii bila vishindo. Baada ya Chuo Kikuu cha Columbia kupewa usimamizi wake katikati ya miaka ya 1990, mtafiti Chris Langdon na wenzake waliitumia ile bahari ndogo, yenye mamilioni ya lita za maji, kama chombo kimoja kikubwa cha majaribio. Waliibadilisha kemia ya maji hatua kwa hatua na kupima kasi ya matumbawe kujenga mifupa yake, na mwaka 2000 wakachapisha kwamba kadiri maji yanavyopungukiwa na ile hali ya kushiba chokaa, ndivyo ujenzi unavyozorota. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba matumbawe hayatajali. Huwezi kuifunga Bahari ya Hindi katika chupa ili uipime hivyo, lakini bahari ya kioo waliweza. Wavuvi wetu wanaikumbuka zaidi hasara ya mwaka 1998, matumbawe ya pwani yote hii yalipogeuka meupe na mengi kufa. Lile lilikuwa joto, si asidi, nisieleweke vibaya. Joto hupiga kwa msimu mmoja na kila mtu akaona. Asidi haina msimu.

Najua wako watakaoniuliza kama jengo lile halikushindwa. Magazeti ya wakati ule yalilicheka, na sehemu ya kicheko hicho lilikistahili: mtambo wa kunasa hewa ukaa uliwekwa ndani bila kutangazwa waziwazi mapema, wakaazi waligawanyika makundi mawili yasiyosemezana vizuri, na mwaka 1994, wakati wa awamu ya pili ya watu wa kuingia, wasimamizi wenyewe waligombana hadi milango ikafunguliwa kwa nguvu. Nami sitaki kuwatetea kupita kiasi, maana waliutangazia ulimwengu mengi kuliko waliyokuwa nayo mkononi. Hata hivyo, mfungwa wa kioo aliyehesabu kila kilo ya viazi na kila sehemu ya oksijeni, kisha hesabu ikakataa, ametuachia elimu ambayo jengo lililofanikiwa lisingetuachia.

Na hesabu ilikataa mahali pengi. Katika aina 25 za wanyama wadogo wenye uti wa mgongo walioingizwa, 19 walitoweka. Wadudu wachavushaji walikufa wote, kwa hiyo mimea mingi ilibaki bila njia ya kuzaa mbegu. Waliostawi ni mende, na sisimizi wa aina moja ambao hawakualikwa. Gesi ya nitrasi oksidi, inayotoka udongoni, ilizidi kujikusanya, kwa sababu juu ya dunia gesi hiyo huvunjwa na miali ya jua isiyopita kwenye kioo. Hakuna aliyekuwa ameitilia maanani kazi hiyo ya jua mpaka ilipokosekana. Mwaka 1996 wanasayansi Joel Cohen na David Tilman, wakiyapima haya yote katika jarida la Science, walifikia uamuzi kwamba bado hakuna ajuaye kuunda mfumo unaoweza kumpa mwanadamu riziki ambayo viumbe na mazingira ya asili humpa bure. Na ikumbukwe kwamba zaidi ya dola milioni 150 zilikuwa zimetumika kuwalisha na kuwapumzisha watu wanane, tena kwa msaada wa mitambo ya umeme iliyokuwa inanguruma nje ya vioo usiku na mchana.

Walimu wenzangu, ombi langu kwenu ni dogo. Kila maabara ya shule zetu inaweza kupata chupa mbili, udongo na nta. Zile zilizo karibu na bahari zinaweza kuongeza jaribio jingine ambalo darasa langu limelianza: mitungi miwili ya maji ya bahari, kila mmoja una makombe yaliyopimwa uzito, na mmoja wao tunaupulizia pumzi zetu kwa mrija kila asubuhi. Mwanafunzi anayepuliza anajua kwamba anachopuliza hakikupotea. Anakiona kinaingia majini kwa mapovu, na kila mwisho wa mwezi anakwenda kwenye mizani kuandika namba yake katika safu mbili, yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Hatujapata tofauti ya kuwatangazia, na tumekubaliana kwamba hatutaisukuma mizani ili ipatikane.

Ile chupa iliyooza sikuja nayo, kwa sababu wanafunzi hawakutaka isumbuliwe na safari. Bado iko dirishani mwa maabara, imezibwa kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Kangaga ameyeyuka, haonekani. Lakini wiki tatu zilizopita msichana mmoja wa kidato cha pili aliniita nitazame, na ubavuni mwa kioo, upande wa jua, pameanza kutanda kitu chembamba cha kijani ambacho si sisi tuliokipanda. Anakichora kila Ijumaa. Anayetaka kuviona vyote, chupa, mitungi na michoro yake, karibu maabara siku yoyote ya shule baada ya saa nane mchana.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.